Ile Themanini na Nne Niliyoiandika Ubaoni

Bwiza, Jumamosi alasiri

Mwanangu Zuhura,

Umeondoka saa saba kwenda Gatumba kumuaga bibi yako, na ninamjua: hatakuachia mpaka ule mara mbili. Nina saa tatu hivi za kukaa na karatasi hizi. Sanduku lako limeshafungwa. Mambo ya sweta, ya vitambulisho vya mpakani, ya kutolala ndani ya basi na mkoba ukiwa wazi, shangazi zako wameyasema wiki nzima, wengine mpaka mara tatu, na sina la kuwaongezea. Mimi nina jambo moja la kukuambia kabla basi la kesho asubuhi halijakupeleka Mwanza, na ni jambo la ule waya wa breki.

Najua unaukumbuka. Hatujawahi kuutaja tangu siku ile, miaka miwili sasa, na mtu hanyamazii kitu kwa muda wote huo kama amekisahau.

Nianze kabla ya waya, ili usidhani najitetea. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Nilirudi shuleni ukiwa na miezi minne, ukibaki kwa bibi yako mchana, na baba yako ameshahamia Uvira na maisha yake. Nilikuwa wa kwanza katika fizikia kabla yako, na baada yako nikawa wa kwanza tena, lakini sasa alama zangu zilikuwa na maelezo. "Anamuhurumia juu iko na mutoto," ndivyo walivyosema juu ya mwalimu wetu, tena bila kupunguza sauti nikipita. Nilifanya hesabu mara tatu tatu ili zisiwe na mahali pa kutilia shaka. Haikusaidia. Mtu akiamua umepewa, umepewa.

Kwa hiyo ulipokuja kukaa katika darasa ninalofundisha fizikia, hapo Kamenge, dawati la pili karibu na dirisha, nilikuwa nimeshaweka nadhiri ambayo hukuambiwa: hakuna atakayesema juu yako kile kilichosemwa juu yangu. Niliona ni nadhiri ya mapenzi. Kumbe nilikuwa nakupanga wewe ulipe kwa ajili ya watu ambao hata majina yao nimeanza kuyasahau.

Sasa waya. Unajua shule yetu haina kifaa cha kupimia mtetemo wa nyuzi. Nilitengeneza mwenyewe: ubao mrefu, vipande viwili vya mbao vya kuegemeza waya, na waya wa breki ya baiskeli, mpya, niliounyoosha juu yake na kuning'iniza upande mmoja bidoni ya maji yenye kilo kumi. Nilijivunia sana ubao ule. Nilikuwa nawaambia: ukigusa waya hapa, mguso wako unasafiri mpaka kule, na kasi ya safari hiyo inategemea mambo mawili tu, jinsi waya ulivyovutwa na uzito wa kila mita yake. Gawa mvuto kwa uzito wa mita moja, tafuta kipeuo cha pili, umepata kasi. Chuma, maji na ubao, na jibu linatoka safi kama kitu kilichooshwa. Mimi niliyekulia katika nyumba ambayo kila neno lilikuwa na maneno mengine nyuma yake, nilipenda kitu kisichokuwa na nyuma.

Uzito wa mita moja sikuupima. Mizani ya shule ilikuwa imeharibika, na ukweli ni kwamba hata ingekuwa nzima nisingeitumia. Nilipima unene wa waya, milimita moja na nusu, nikachukua uzito wa chuma kutoka kitabuni, nikapata karibu gramu kumi na nne kwa kila mita. Hesabu ikanipa mita themanini na nne kwa sekunde. Na kama tunavyofanya sisi sote tunaofundisha watoto hamsini kwa kifaa kimoja, nikaiandika ile themanini na nne kwenye kona ya ubao wa darasa kabla hamjaanza, nikaizungushia duara, ili kila mmoja wenu ajue anakoelekea na muda usipotee.

Halafu mkapima. Nusu mita ya waya, simu yenye ile programu ya wapiga gitaa inayoonyesha waya unatetema mara ngapi kwa sekunde. Niliipanga nusu mita makusudi: kwenda na kurudi ni mita moja kamili, kwa hiyo namba ya simu ndiyo kasi yenyewe, hakuna hesabu zaidi. Niliona ni uhodari. Ripoti zikaja moja baada ya nyingine: themanini na tatu, themanini na nne, themanini na tano. Nilisahihisha nikitabasamu. Sikujiuliza hata mara moja ni kwa nini watoto ambao hawawezi kukubaliana juu ya urefu wa dawati wamekubaliana hivi juu ya kitu kisichoonekana.

Wewe uliandika tisini na saba.

Chini yake ukaandika, kwa Kifaransa chako kile cha kunyooka, kwamba umepima mara nne na kila mara ni tisini na saba, na kwamba hujui kwa nini. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya maneno hayo, nikaandika pembeni: kutojua si jibu. Nikakupa nne juu ya ishirini.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tunarudisha karatasi, kutoka wa juu mpaka wa chini, kila mmoja akisimama kuchukua yake. Karatasi zilipozidi kupungua mkononi mwangu na jina lako halijatoka, darasa likaanza kunong'ona. Yule kiongozi wenu wa darasa, yule mrefu, ndiye aliyesema:

"Eh! Leo mutoto wa Madamu njo wa mwisho!"

Na wa nyuma akadakia: "Ata chakula hatapewa kule nyumbani!"

Walicheka. Nami nikacheka nao, Zuhura. Kidogo, kwa pembe ya mdomo, lakini nilicheka, kwa sababu katika kicheko kile nilisikia kile nilichokuwa nakitafuta tangu nikiwa na miaka kumi na saba: hakuna aliyekuwa akisema unapendelewa. Ukaja mbele, ukapokea karatasi kwa mikono miwili kama nilivyokulea, ukasema, "Asante, Madamu," ukarudi kukaa.

Jioni, ukichambua mchele, ukaniambia bila kunitazama: "Mama, mi nilipima mara ine. Inatoka vile vile tu."

Nikakujibu: "Ya darasani tuliache darasani. Hapa ni nyumbani."

Ukasema, "Sawa," na ukaendelea na mchele.

Hiyo ni sehemu unayoijua. Sasa nakuja kwenye usiyoijua.

Miezi mitano baadaye nilipita kwa fundi Saidi, yule wa baiskeli pale kona ya barabara yetu, kulipia kiti cha baiskeli ya mjomba wako. Alikuwa anakata waya wa breki kwa koleo. Ulipokatika, ncha ikafumuka mkononi mwake kama ufagio mdogo, nyuzi nyembamba zikatawanyika kila upande. Nikasimama nikitazama.

"Mwalimu, unaangalia nini hivi? Kama umeona nyoka!"

"Hii waya iko na nyuzi ngapi ndani?"

"Kumi na tisa. Zinajisokota." Akanigeukia. "Kwani we ulizani iko chuma moja?"

Akawaambia waliokuwa wamekaa pale wakisubiri baiskeli zao: "Muone mwalimu wa sayansi! Ata mutoto wangu wa miaka sita anajua waya ya freni inasokotwa!"

Wakacheka sana, nami nilistahili. Mwanangu, misokoto ile nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeupaka waya ule mafuta kwa vidole vyangu, nikaihisi. Macho yaliona, vidole vilihisi, na kichwa kikasema ni chuma chenye unene wa milimita moja na nusu kwa sababu ndivyo hesabu ilivyotaka kiwe. Nyuzi zikisokotwa pamoja zinabaki na nafasi katikati yake, na nafasi hiyo haina uzito. Kitabu changu kilikuwa kinapima waya ambao haukuwa ubaoni.

Nikamwomba Saidi anikatie mita moja. Nikaenda nayo sokoni kwa sonara, kwa sababu yeye ndiye mwenye mizani ninayoiamini. Akaushika waya juu kwa vidole viwili.

"Dada, hii haiko zahabu."

"Ninajua. Pima tu."

"Ni pete ya ndoa unataka tutengeneze? Huyo bwana iko anauza baiskeli?"

"Pima, kaka, nitakuelezea."

Ilikuwa gramu kumi na nusu. Nilifanya hesabu palepale, kwenye simu, nimeegemea meza yake ya kioo. Tisini na sita na kitu. Tisini na saba.

Nilisimama mpaka akaniuliza kama ninataka kiti. Kilichonichoma si kwamba nilikosea. Kukosea ni kazi yangu ya kila siku, nimeshakosea mbele ya watu wengi. Kilichonichoma ni kwamba katika watoto hamsini ni mmoja tu aliyeniambia alichokiona, na huyo ndiye niliyemweka wa mwisho. Wengine wote waliisoma ile namba kwenye kona ya ubao, wakaipinda simu mpaka ikubali. Niliwafundisha hivyo. Nami nikawapa kumi na sita, kumi na saba.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimeamua kukuambia. Ulikuwa unasoma kwa ajili ya mitihani ya muhula. Nikasema, nisimvuruge, nimwache amalize. Ukamaliza, nikasema, hebu mwaka mpya uanze. Mwaka ukaanza, ukawa mwaka wa mwisho wa mtihani wa taifa, nikasema itakuwa vibaya kumfanya amdharau mwalimu wake sasa. Nilikuwa na sababu safi kila mara. Hakuna iliyokuwa ya kweli. Ya kweli ni kwamba ulikuwa umetulia, unaniita Mama kwa sauti ile ile, unapika, unacheka na shangazi zako, na nikaona mimi mwenye akili nyingi kwamba jambo limepona lenyewe.

Halikupona. Katika mwaka huo wa mwisho tulifanya jaribio la springi, na ripoti yako ilikuwa nzuri kuliko zote. Namba zako zilinyooka kama zimepigwa rula. Niliinua karatasi yako kwenye mwanga nikaona alama za kalamu ya risasi zilizofutwa, chini ya kila namba kulikuwa na namba nyingine. Ulikuwa umepima vizuri, halafu ukasahihisha ulimwengu ili ufanane na kitabu. Nilijua nilichokuwa nakitazama. Nikakupa kumi na nane.

Ile kumi na nane ni kosa kubwa kuliko nne. Nne niliitoa nikiwa sijui.

Na bado ningeweza kunyamaza mpaka kesho, nikakupungia mkono pale kituoni na kurudi kulia chumbani. Kilichonitoa kwenye kimya ni wiki tatu zilizopita, asubuhi ile nilipoamka mwili unauma na nilikuwa na zamu ya kusimamia mtihani. Ukaja na kipimajoto. Kabla hujakiweka nikasema, "Pima upesi, mi sina homa, ni usingizi tu." Kikalia. Ukakitazama. Ukasema, "Thelathini na saba, Mama."

Nikaenda. Saa nne walinirudisha wakinishika mikono, malaria, unakumbuka. Jioni ulipokwenda dukani nikakibonyeza kile kipimajoto, kwa sababu kinatunza kipimo cha mwisho. Kilikuwa kinasema thelathini na tisa nukta moja.

Uliporudi nikakuuliza uliona ngapi asubuhi. Hukuona haya, hukushtuka. Ulinijibu kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani: "Lakini Mama, we ulishasema hauna homa."

Nilifunika uso kwa shuka, ukadhani ni kichwa kinaniuma, ukaniletea maji.

Wewe unakwenda kujifunza kazi ya maabara ya hospitali. Utakuwa yule mtu asiyeonekana, nyuma ya dirisha dogo, anayetazama tone la damu ya mtu asiyemjua na kuandika alichoona. Nje ya dirisha hilo watasimama watu wenye haraka na vyeo. Atakuja daktari mwenye mvi aseme, "Hii ni malaria tu, niandikie nimpe dawa." Atakuja mama aliyebeba mtoto, mwenye macho yanayokuomba usiseme. Wote watakuwa wameshaandika namba kwenye kona ya ubao kabla hujafungua darubini. Na mtu wa kwanza aliyekufundisha kuitii namba hiyo ni mimi.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikuambii uwe jasiri; mimi mwenyewe ujasiri huo ninautafuta, na imenichukua mwaka mzima na zaidi kusema jambo la gramu tatu. Ninaweza tu kukupa kile nilichokiona kwa kukosea. Nimeona kwamba namba ikishasemwa kwa sauti inavuta macho, hata macho mazuri, na kwamba mtu hasikii ikivuta. Siku hizi ninapima kwanza na kuandika kwa wino, kabla ya kufungua kitabu na kabla ya kumsikiliza mtu. Kuna siku ninaandika upuuzi, kwa sababu mkono ulitikisika au kifaa ni kibovu. Lakini upuuzi ulioandikwa kwa wino unaweza kurudiwa kesho. Kilichofutwa kimekwenda.

Na nimeona kwamba yale maneno machache uliyoyaandika chini ya karatasi yako, sijui kwa nini, ndiyo maneno bora niliyowahi kuletewa na mwanafunzi. Kama ningeyasikiliza, yangenipeleka moja kwa moja mpaka kwa fundi Saidi, siku hiyo hiyo, mama na binti, tukachekwa pamoja. Nimeyafikiria sana matembezi hayo ambayo hatukuyafanya.

Sitakudanganya kwamba kusema ulichoona kutakuletea heshima. Kwako kulileta nne juu ya ishirini na kicheko, tena kutoka kwa mtu anayekupenda kuliko wote. Kule unakokwenda watakuwepo wasiokupenda. Labda utaandika ulichoona na watakuandikia pembeni kwa wino mwekundu, na mwalimu wako wa huko hatapita kwa fundi yeyote maisha yake yote. Sina dawa ya hilo. Najua tu kwamba waya ulikuwa unatetema mara tisini na saba muda wote niliokuwa nikisema themanini na nne, na usingebadilika hata darasa zima lingepiga makofi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza yote. Alinisikiliza, akasema mwaka ule umeshafungwa na alama haziguswi, na kwamba ninajisumbua kwa jambo dogo la nyumbani. Kwa hiyo nne itabaki nne kwenye karatasi za shule. Sikuweza kuibadilisha, na nimeona ni haki uijue hivyo pia, isije ikaonekana nimetengeneza kila kitu.

Kuna jambo moja nililokuwa nimelipanga na sasa naliacha. Nilitaka kuziweka karatasi hizi chini kabisa ya sanduku, kati ya nguo, uzikute ukiwa umeshafika, mbali, na mimi nipo hapa Bwiza nikisubiri simu. Nilijiambia itakuwa vizuri, utasoma kwa utulivu. Lakini ningekuwa nakuweka mahali ambapo jibu lako lingenifikia likiwa limepoa, limeoshwa, limefanana na lile ninalolitaka. Ungenipigia na kusema, "Hakuna shida, Mama," kwa sauti ile ya thelathini na saba.

Umenitumia ujumbe sasa hivi kwamba umeshapanda gari, uko njiani. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla ya chakula. Nitakaa kwenye kiti kile cha mbele yako, sitashika simu, sitainuka kwenda kuangalia sufuria. Soma mpaka mwisho. Halafu niambie ulichokipata humu, hata kama ni hasira, hata kama utachelewa kuipata na itatuchukua mpaka muda wa basi. Mimi sitasema kitu kwanza.

Mama yako,
Rehema